Hodi ya Tatu

Huu ni mwaka wa nane nafundisha riwaya ileile, na kila mwaka nauliza swali lilelile: ni mahali gani hasa ambapo mtu aliyedhulumiwa anageuka kuwa mdhulumu? Ni riwaya ya Kiingereza ya zamani, ya jumba la mawe, upepo, na watu wanaokaa gizani ilhali mishumaa wanayo. Jina lake naliacha. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kijana anafukuzwa na baba yake mdogo kutoka nyumba ya marehemu baba yake, mama anabaki ndani. Miaka inapita, kijana anasikia mama ni mgonjwa, anarudi. Theluji inaanguka. Anagonga mlango mara tatu, hafunguliwi, mama anafia humo humo ndani. Mbele ya kaburi anaapa kwamba ataimaliza nyumba ile, na kweli anaimaliza, mmoja baada ya mwingine, mpaka anafika kwa mtoto ambaye hajui hata ugomvi ulianzia wapi.

Mwongozo wa mwalimu unasema kisa kinageuka kwenye kiapo. Nami nikawa nasema hivyo hivyo, kiapo, kiapo, andikeni. Lakini ukweli ni kwamba nilimpenda yule kijana kuliko inavyomfaa mwalimu kumpenda mtu wa kitabuni. Wanafunzi wakisema amezidisha, nilikuwa nawakata kauli: "Ninyi mmeshawahi kufukuzwa kwenu?" Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa.

Kwetu kijijini Ziwani, kwa desturi ya wazee, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, shamba lake haliendi kwa watoto aliowazaa, linakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Dini inasema vingine, serikali nayo inasema vingine, na hakuna asiyejua. Lakini siku ya kikao, waliokalia mkeka ndio wenye kauli. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na mpwa wake mkubwa alikuwa mtoto wa shangazi yangu, yaani binamu yangu.

Sasa binamu wa namna hiyo, kwetu ni mtani wako. Tangu nikiwa mdogo ananiita "mke wangu mwenye miguu ya kunguru", nami namwita "mume wangu bwege", na kila mtu anacheka. Kukasirikia utani ni aibu. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa, utaambiwa hukulelewa.

Siku ya arobaini ya baba alipima shamba kwa hatua zake, kutoka kisimani mpaka mkorosho wa mwisho, anahesabu kwa sauti, kifua mbele. Aliporudi tulipokaa akanitazama akicheka. "Mke wangu, ungekuwa umeshakua ningekuoa, shamba lingebaki nyumbani. Sasa haya, kaleni kwa wajomba zenu!" Watu wakaangua kicheko. Mama yangu naye alicheka, maana angefanyaje? Kesho yake alijitwika gunia lenye vyombo, mimi nikabeba godoro. Tulipofika njia panda chungu kikatoka kwenye gunia kikavunjika, na hakuna aliyegeuka kuokota vigae, hata sisi wenyewe.

Watu hudhani dhuluma inauma. Mimi haikuniuma. Ilinitia ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, nikangoja damu irudi na haikurudi. Mama akakaanga mihogo sokoni Chikongola, mjini, miaka yote, mimi nikasoma, nikawa mwalimu, nikaajiriwa hapa hapa Mtwara. Mama alifariki miaka minne iliyopita. Siku zake za mwisho aliniuliza kama ule mkorosho wa kisimani bado unazaa. Nikamwambia unazaa sana. Sikuwa najua chochote, nilikuwa sijakanyaga kule tangu tulipoondoka.

Julai iliyopita orodha ya kidato cha tano ikaja, na ndani yake jina la ubini ninalolijua. Binti wa binamu yangu. Nilipoingia darasani sikuhitaji kuuliza ni yupi, alikuwa na paji la uso la baba yangu. Siku ya kwanza alinipa shikamoo akapinda goti kidogo, na hiyo siyo shikamoo ya mwanafunzi kwa mwalimu, ni ya mtoto kwa shangazi yake. Nikaitikia marahaba nikapita.

Sikumwonea. Nataka hilo lieleweke. Alama zake nilimpa kamili, sikumpunguzia na sikumwongezea hata nusu. Ila sikumwita kwa jina lake hata siku moja. Wenzake wote nawaita kwa majina, yeye namwita "wewe wa dirishani". Wewe wa dirishani, soma. Wewe wa dirishani, kaa. Naye anasoma, anakaa.

Tulipofika kwenye sura ya mlango, darasa lilichangamka kuliko kawaida. Kitabu ni cha Kiingereza lakini kwenye ubishi wenyewe walihamia Kiswahili, na mimi siku hizo huwa nawaacha. "Mwalimu, huyu naye!" mmoja akasema. "Hodi tatu zimepita, si aondoke? Anangoja nini mlangoni kwa watu?" Mwingine akadakia, "Hana malezi huyo!" Wakacheka. Na kweli, kwetu ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Huenda mwenyewe amelala, huenda hajavaa, huenda hataki kukuona, na hiyo ni haki yake, huulizi. Nikawaambia Uingereza hakuna hodi, tuendelee. Wa dirishani alikuwa ameinua mkono. Nilimwona. Nikageukia ubaoni, na nilipogeuka tena alikuwa ameushusha.

Mwishoni mwa Oktoba, nikiwa darasani hapo hapo, simu ikatetema. Ujumbe kwenye kundi la ukoo: binamu yangu amefariki, presha, ameanguka shambani wakati wa kuokota korosho. Nikausoma, nikairudisha simu kwenye mkoba, nikamalizia sentensi niliyokuwa naandika ubaoni. Nusu saa baadaye matroni akaja kumwita binti. Alitoka na daftari mkononi, akidhani atarudi kabla ya kipindi kuisha.

Niseme wazi nilichokuwa nacho moyoni, kwa kuwa sina sababu ya kujipamba. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mtani wako akifa, una haki juu yake ambayo hakuna mtu, awe shehe awe mwenyekiti wa kijiji, anaweza kukunyang'anya. Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, watani huvaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake na sauti yake, wanamsema ubahili wake, ulafi wake, kukoroma kwake. Wafiwa wanacheka ili kilio kiwatoke. Shehe hukunja uso, lakini hukunja uso akiwa ameketi. Kwa hiyo nilijua kwamba siku moja nitasimama katikati ya uwanja ule, mbele ya ukoo mzima, nitasema aliyotufanyia, na hakuna atakayeniambia nyamaza. Sikuhitaji mazoezi. Nilikuwa nayo mwilini yote.

Nikapanda bodaboda mpaka Ziwani. Mabibo ya mikorosho yalikuwa yametapakaa chini kila mahali, harufu yake chachu imejaa hewani, nzi kwa maelfu. Mkorosho wa kisimani upo, umekuwa mkubwa mno, nusu umekauka na nusu unazaa. Niliutazama nikingoja kuhisi kitu. Wapi!

Uwanjani wanawake wamekaa upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mbele kabisa kwenye mkeka wa wanaume walikaa vijana wawili, wapwa wa marehemu, watoto wa dada yake mdogo. Mjane alikuwa kwenye kizingiti, na binti yake pembeni, kanga mpaka kwenye nyusi. Nikaomba koti la marehemu. Nikapewa koti lake la kaki, kofia yake na fimbo yake, na hapo hapo watu wakaanza kucheka, maana walijua mtani amefika.

Nikatembea. Kifua mbele, mguu wa kulia umepinda nje kama wake. Nikahesabu hatua kwa sauti yake, moja, mbili, tatu, kutoka kisimani, na nikifika kumi narudia sita, kwa sababu alikuwa akipotea akihesabu. Uwanja mzima ukapiga kelele. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Nikageuza sauti nikasema, "Mke wangu, ungekuwa umeshakua ningekuoa!" Wakashikana mabega kwa kicheko. Nikavua kofia, nikajitwika gunia tupu lililokuwa karibu, nikawa mama. Niliinama kama alivyoinama mama. Nilikwenda kama alivyokwenda, hatua fupi za mtu aliyebeba vyombo visivyofungwa vizuri. Nikaangusha kibuyu mahali pa chungu, nikakitazama, nikakiacha.

Nilidhani hapo watanyamaza. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba hapo nyuso zitabadilika, mtu mmoja atasema astaghafiru, mwingine atatazama chini. Jamani, walicheka zaidi! Bibi mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga: "Mtani huyu atatuua leo, mshikeni!" Ndipo nikaona nilichojifanyia. Miaka yote hiyo nilingojea ruhusa ya kusema mbele ya watu, na ruhusa niliyoipata ilikuwa na sharti moja tu, kwamba nitakachosema kisiwe kweli. Mama yangu na gunia lake amekuwa kichekesho, na aliyemfanya kichekesho ni mimi.

Mtu mwenye akili angevua koti pale. Mimi nilitafuta uso mmoja ambao haucheki, nikauona: binti. Alikuwa ananitazama kwa makini kama anavyotazama ubao. Nikamkaribia, nikasikia anamuuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Ni kweli?" na mama yake anajibu, "Utani tu, mwanangu." Nikaivaa tena ile kofia. Nikaenda mpaka kwenye kizingiti, nikasimama juu yao, nikainyoosha fimbo, nikasema kwa sauti ya baba yake, ana siku tatu tu kaburini: "Haya! Na ninyi kaleni kwa wajomba zenu!"

Uwanja ulilipuka. Waliocheka kuliko wote ni wale wapwa wawili, wanajipiga mapaja, mmoja kajilaza kabisa. Mjane hakucheka. Hakunitazama hata mimi, aliwatazama wao. Na mimi nikageuka nikawatazama, nikaona magunia ya korosho nyuma yao, yameshafungwa, yamepangwa tayari kuondoka, na msimu wenyewe hata nusu haujafika. Nilichokisema kwa mzaha kilikuwa kimeshaamuliwa. Desturi ile ile iliyompa binamu yangu shamba letu ilikuwa imelichukua kutoka kwa binti yake, na mimi ndiye niliyekwenda kumtangazia, nimevaa koti la baba yake.

"Shangazi," binti akasema. Hilo tu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Mtani akifanya kazi yake vizuri hupewa zawadi. Nikapewa jogoo. Nilirudi mjini nyuma ya bodaboda, jogoo miguu juu mkononi mwangu, analia njia nzima, na dereva ananiuliza, "Mwalimu, harusi au msiba?" Nikamwambia msiba. Nilimfunga uani, nikasema nitamchinja Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Nilitaka nione aibu, niseme ukweli, nilikuwa naingojea aibu kama mgeni aliyesema anakuja. Haikuja. Nilikula, nilisahihisha, nililala vizuri.

Binti alirudi shuleni baada ya wiki. Siku hiyo zamu ilikuwa ya lile swali langu la kila mwaka. Wenzake wakajibu kiapo, kama nilivyowafundisha, na nikaandika kiapo ubaoni. Akainua mkono. Safari hii sikugeuka.

"Siyo kiapo, Mwalimu. Ni hodi ya tatu."

"Fafanua."

"Tulisema huyu mtu hana malezi kwa sababu hakuondoka. Lakini kitabu kinasema taa ilikuwa inawaka, na ndani mtu alisogeza kiti. Kwa hiyo aliyekuwa ndani alisikia. Hapo ndipo, Mwalimu. Angefungua, kiapo kisingekuwepo."

Darasa likanigeukia. Nikafungua ukurasa. Kiti kilikuwepo. Mstari mmoja, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, na nimeusoma kwa sauti miaka minane bila kuuona, kwa kuwa miaka minane nilikuwa nasimama nje ya mlango na kijana wangu, sikuwahi kujiuliza ndani kakaa nani.

"Mwongozo hausemi hivyo," nikamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akakaa.

Nilimpa alama zake. Nilimpa kamili, na bado sikumwita kwa jina.

Desemba shule ikafungwa. Arobaini ya binamu yangu ilipita, sikwenda. Habari nilizipata kwenye kundi la ukoo, katikati ya picha za pilau: wapwa wameshakabidhiwa shamba na nyumba, mjane amepelekwa kwa kaka zake huko juu Newala, ambako yeye mwenyewe analala kwenye chumba cha watoto. Binti hakuna aliyemtaja. Nikaandika "Poleni sana" kama wengine walivyoandika, nikaweka simu chini.

Siku mbili baadaye, mchana, nilikuwa sebuleni nachambua mchele. Mlango ulikuwa umeegeshwa, pazia limeshushwa. Nikasikia ndara zinakuja taratibu zikasimama barazani.

"Hodi, Mwalimu."

Niliijua sauti. Nikajisogeza, na kiti kikakwaruza sakafu. Kilikwaruza kwa nguvu, hata jogoo uani akatikisa mabawa.

"Hodi hapa."

Sikuwa na hasira, wallahi. Ningekuwa na hasira ningemjibu, hasira ina mdomo. Nilikuwa nimekaa na ungo mapajani, kidole changu kiko kwenye kijiwe kidogo cheusi ndani ya mchele, na nilikuwa nakitazama kijiwe. Nilijua anachokuja kuomba. Nilijua nyumba yangu ina chumba cha mama, na kitanda cha mama kimetandikwa tangu alipofariki. Nilijua pia kwamba nikinyamaza kidogo tu, malezi yake mwenyewe yatamwondoa, na hakuna mtu Mtwara nzima atakayenilaumu.

Kisha akasema, taratibu, kama anayejaribu neno lisilo lake:

"Hodi, Shangazi."

Ndara zikageuka, zikashuka baraza, zikaondoka.

Sijui niliuweka wapi ungo. Nilijikuta nje, kichwa wazi, miguu mitupu, na jirani yangu anayeuza mkaa ananishangaa: "Vipi tena, Mwalimu, kuna mwizi?" Binti alikuwa ameshafika wanapoegesha bajaji. Alikuwa amejitwika begi, ameinama kidogo, anakwenda kwa hatua fupi za mtu aliyebeba mzigo usiofungwa vizuri. Mwendo ule niliujua. Niliuigiza mbele yake na watu wakacheka.

Nikamwita kwa jina lake. Nililiita kwa nguvu, mara mbili, mpaka dereva wa bajaji akageuka kabla yake.

Alisimama akanisubiri. Hakulia wala hakununa. Alinipa shikamoo, begi kichwani, na kile kigoti chake. Kisha akaniwekea njia ya kutokea, kama mtoto aliyelelewa: "Samahani, Shangazi, nilidhani umelala. Nilipiga hodi mara tatu, ndiyo maana nikaondoka."

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, ndiyo nilipitiwa na usingizi, na tungerudi nyumbani sote wawili na heshima zetu.

"Sikulala," nikamwambia. "Nilisikia zote tatu."

Bajaji ikawasha, ikangoja, ikaondoka bila yeye. Nikamtua lile begi, nikajitwika mimi, tukarudi nyumbani, mchanga wa saa saba ukiniunguza nyayo njia nzima.